Kwa mnaotaka MBA ya nje ili mfike McKinsey na Goldman: kabla hujasaini mkopo, soma hapa

Wiki iliyopita dogo mmoja aliyewahi kufanya fildi ofisini kwetu kanitumia voisi noti ya dakika saba. Kapata nafasi ya MBA, ile digrii ya pili ya biashara, vyuo viwili Marekani. Cha kwanza jina lake kila mtu analijua ila hawajampa hata senti, inabidi akope. Cha pili ukikitaja hapa Dar watu wanakuuliza hicho nacho kiko wapi, ila kinamlipia ada yote. Ndoto yake ni konsaltansi, yaani kazi ya kushauri kampuni namna ya kuendesha biashara, kwenye zile kampuni tatu kubwa, McKinsey, BCG na Bain. Akamalizia, "Kaka, niambie ukweli, jina la chuo lina maana au ni sifa tu za mtaani?"

Nimemjibu, na kwa kuwa wengi mnaniuliza hilohilo naandika na hapa.

Lina maana wadogo zangu. Nasema hivi manake kuna watu wanapenda kuwafariji, eti ukijituma chuo chochote kinakufikisha. Kwa kazi nyingi ni kweli. Kwa hizi za juu kabisa, konsaltansi ya hao watatu na benki za uwekezaji, yaani zinazosaidia kampuni kubwa kutafuta mitaji na kuuziana, kama Goldman Sachs na Morgan Stanley, sio kweli, au tuseme ni kweli kwa wachache sana. Ila sababu sio mnayodhani. Mizania inasomwa vilevile Mzumbe na vilevile Wharton. Tofauti ni nani anakuja kampasi kwenu mwezi wa tisa.

Hizi kampuni zina orodha ya vyuo vyao. Marekani kuna vile saba vinavyotajwa pamoja kila siku, yaani Harvard, Stanford, Wharton, Booth, Kellogg, Columbia na MIT Sloan, halafu vichache vinavyofuatia, na Ulaya kuna INSEAD na London Business School. Kwenye vyuo hivyo kampuni inatuma watu wake, wanakaa na wanafunzi, wanakunywa nao kahawa, wanakariri majina, halafu mwezi wa kwanza wanafanya intavyuu za intanshipu ya kiangazi. Hiyo intanshipu ni kama wiki 10 na ndo inayozaa ofa ya kudumu. Sasa piga hesabu: umeingia darasani mwezi wa nane, mwezi wa kwanza unahojiwa, hata mtihani wa pili hujafanya. Walimu hawajapata muda wa kukubadilisha. Kampuni inachukua mtu ambaye chuo kimeshamchuja, basi.

Kuna mwanasosholojia wa Kellogg anaitwa Lauren Rivera, aliwahoji watu 120 wanaohusika na kuajiri kwenye benki, konsaltansi na kampuni za mawakili, na alichokikuta ni kwamba sivii za vyuo visivyo kwenye orodha nyingi hata hazifunguliwi vizuri. Hawana muda. Anayezisoma mara nyingi ni mfanyakazi wa kawaida, ana kazi ya mteja inamsubiri, anasoma usiku au yuko kwenye ndege, kwa hiyo jina la chuo linamsaidia kupunguza rundo. Inauma, ila bora uijue mapema.

Mimi iliniuma kweli. Nilienda chuo cha kawaida, skolashipu nusu, nikijiambia mengine nitayapambania nikifika. Mwezi wa tisa ofisi ya ajira ya chuo ikatoa ratiba ya kampuni zinazokuja, nikaisoma mara tatu nikidhani kuna ukurasa nimeuruka. Hakuna hata moja kati ya zile tatu. Nikaanza kuomba kupitia tovuti zao, maombi kama 40, na majibu yakawa yanaingia usiku wa manane, sentensi zilezile, tunashukuru kwa kuonyesha nia. Jamaa yangu niliyesoma naye bikomu Mlimani alikuwa kwenye mojawapo ya vile saba, na hakunizidi, GPA zetu zilikuwa karibu sawa. Yeye walikuwa wanamtumia baruapepe wao, wakimkaribisha chakula cha jioni.

Kilichoniokoa ni Mkenya mmoja aliyemaliza chuo chetu miaka kadhaa nyuma, nilimtafuta mwenyewe, nikamwomba dakika 20. Hakunipa kazi. Aliniambia acha kuhangaika na New York, omba ofisi ya Nairobi, huko Kiswahili chako na miaka yako ya ukaguzi wa hesabu Dar vina uzito, hukohuko unashindana na watu wasioijua hata Kariakoo, halafu akapeleka jina langu ndani. Kumbe mtu mmoja wa ndani akikushika mkono anafanya kazi ileile ambayo jina la chuo lingeifanya. Ila mwenye jina anao watu hao wengi chuo kizima, wewe inabidi umtafute mmoja mmoja.

Sasa ukishaingia kwenye chumba cha intavyuu, hapo jina limeisha kazi. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Wanakupa keisi, yaani tatizo la biashara, unalifumua kwa mdomo na karatasi, kikokotoo hamna. Yangu ya kwanza niliulizwa mitungi ya gesi inayouzwa Dar kwa mwaka. Mada ya nyumbani kabisa! Nikaanza kumwaga mafremu, zile fomula za kuchambua biashara nilizokariri, washindani, wasambazaji, sijui nini, na nilipofika kwenye hesabu nikapoteza sifuri moja, nikaitetea namba mbovu badala ya kurudi nyuma. Nikaanguka. Leo ningeifanya hivi: Dar ina watu kama milioni 5.4 kwa sensa ya 2022, tuseme kaya moja watu wanne, unapata kaya 1,350,000, tuseme nusu wanatumia gesi, 675,000, mtungi wa kilo 15 unakaa mwezi na nusu hivi, kwa hiyo minane kwa mwaka, jumla mitungi milioni 5.4. Halafu unasimama unajiuliza, je hii inaingia akilini? Vipi wa uswahilini wanaonunua mtungi mdogo na bado wana mkaa pembeni? Hapo ndo anayekuhoji anaanza kuandika. Anataka kuona unavyofikiri namba ikigoma. Nilirudi mwaka uliofuata nikiwa nimefanya keisi karibu 60 na wenzangu kwa simu, na hesabu za kichwa kila asubuhi kwenye basi.

Jambo jingine, wanapima kama wewe ni mtu wa kukaa naye. Rivera huyohuyo anaeleza kwamba waajiri wanajiuliza, nikikwama naye eapoti kwa sababu ya theluji, nitamvumilia? Kwa mtoto wa Kimara huo ni mtego, manake wenzako watazungumzia kuteleza kwenye barafu na klabu za makasia. Usiigize. Mimi niliulizwa biashara nimejifunzia wapi, nikaeleza duka la mama, lile daftari la madeni, jinsi alivyokuwa anajua nani umkopeshe unga tarehe 20 na nani usimkopeshe, na yule mzee aliyekuwa ananihoji akafunga faili lake tukaongea dakika 15.

Upande wa fedha mambo ni magumu zaidi. Kuna vijana wanadhani MBA ya chuo kikubwa inawaingiza moja kwa moja Blackstone au KKR, yaani zile kampuni za uwekezaji zinazonunua kampuni nyingine. Hizo wanataka mtu ambaye kabla ya MBA alishakaa benki ya uwekezaji miaka miwili mitatu akitengeneza modeli, yaani hesabu za thamani ya kampuni, usiku kucha. Ukitokea ukaguzi Dar, hata na jina kubwa, njia halisi ni benki kwanza.

Na mkopo. Kwenye vile vyuo vikubwa ada peke yake ni zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, ukiweka chakula na nyumba miaka miwili inavuka dola 200,000. Kwa shilingi ni kama milioni 500. Ukipata kazi kwa hao watatu ukabaki Marekani, mshahara wa kuanzia ni karibu dola 190,000 kwa mwaka, deni linalipika. Ukikosa viza ukarudi Dar, mshahara ni wa shilingi, deni ni la dola. Na kukosa kupo: darasa la Harvard la 2024, asilimia 23 ya waliokuwa wanatafuta kazi walikuwa bado hawajapata miezi mitatu baada ya kumaliza, wakati 2022 ilikuwa asilimia 10. Harvard hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kubaki hapahapa kwenye kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu, Deloitte, PwC, KPMG, EY, asiende kokote kwa sasa. Pale wanaangalia GPA yako na uko wapi kwenye CPA, ile mitihani ya uhasibu ya kitaaluma. Miaka mitatu ya hapo na CPA mkononi, MBA utaiomba ukiwa na kitu cha kusema. Na wenye nia ya kwenda nje jaribuni skolashipu za Waafrika kwanza, Stanford wana ya Waafrika inayolipa ada yote kwa masharti ya kurudi Afrika kufanya kazi.

Dogo nikamwambia kabla hajajibu chuo chochote akatafute ripoti ya ajira ya vyuo vyote viwili, zipo wazi, aone kampuni zipi zimeajiri na ngapi kwa jina, halafu awapate Waafrika wawili waliomaliza mwaka jana kila chuo, awaulize swali moja tu: mwezi wa tisa nani alikuja kampasi, na kati ya hao nani alikubali mwenye pasipoti kama ya kwetu. Kampata mmoja Mganda kwenye kile chuo cha skolashipu, wanaongea Jumamosi saa mbili usiku.