Barua kwa mwanangu: kisu chako cha kukunja na mfuko wako

Mwanangu Zuhura,

Nimeupata ujumbe wako. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza: hicho kisu cha kukunja ulichopewa hapo ghalani Dallas, kile Kershaw Leek kinachojimalizia kukunjuka chenyewe, utakibebaje kila siku bila kujikata? La pili: Desemba unapitia London wiki moja kabla ya kufika nyumbani, je uje nacho? La pili jibu lake ni hapana, na sababu nitakupa. La kwanza lina maneno mengi, kwa hiyo keti uisome barua hii huku kisu kiko mezani mbele yako, kimekunjwa.

Anza kwa kukijua. Ndani ya mpini, karibu na mhimili ambao bapa linazungukia, mna waya wa chuma uliopindwa. Bapa likiwa limekunjwa, waya huo unalivuta libaki ndani. Ukilisukuma kwa kidole hadi likapita mwanzo wa safari yake, kama nyuzi 30 hivi, waya huohuo unageuka upande na kulitupa nje mpaka loki inayolizuia lisijikunje ishike. Springi inayokusaidia kukunjua ndiyo inayokulinda lisikunjuke. Kisu cha kawaida kikichezacheza mfukoni kinatokeza makali kidogo na kuishia hapo. Chako kikipita ule mwanzo hakiishii njiani. Ndiyo maana karibu kila nitakalokuambia ni kuulinda mwanzo huo.

Kisu hufunguka mfukoni kwa njia chache zinazojulikana. Funguo zinakwama kwenye kile kijino kinachochomoza mgongoni mwa mpini, au kwenye vifundo viwili vya dole gumba vilivyo ubavuni mwa bapa. Simu inakisugua unapoinama. Manyoya ya nguo yanajazana penye mhimili hadi bapa lisirudi ndani kabisa, na bapa ambalo halikurudi kabisa limekwisha kula sehemu ya ule mwanzo. Kwa hiyo mfuko wa kisu ni wa kisu peke yake. Funguo, sarafu na simu zihamie upande mwingine, hata siku za haraka.

Sasa namna ya kukaa mfukoni. Usikitupe ndani kikalala chini. Kibane kwa klipu yake kwenye ukingo wa mfuko wa mbele, upande wa mkono unaoutumia, nyuma kabisa karibu na mshono wa ubavuni. Klipu ya Leek inaweza kufunguliwa skrubu na kuhamishiwa mwisho wa pili wa mpini, na hapa watu hubishana. Ikifungwa upande wa mhimili, ncha inaelekea chini na kijino kinakaa mdomoni mwa mfuko, mahali mkono unapopita kila mara. Ikifungwa kitakoni mwa mpini, ncha inaelekea juu, na kwa mtumia mkono wa kulia ule ufa ambao bapa hutokea unaugeukia mshono wa nyuma. Kisu kikisukumwa kwenye mshono, bapa halina nafasi ya kutoka. Mimi naona hii ya pili ni bora kwako, kwa sharti kwamba kisu kisiachie ule mshono. Kikihama kikasogea katikati ya mfuko, bapa likitokeza ncha itakuwa juu, inangoja vidole vyako.

Leek ina ulinzi mwingine ambao visu vingi vya aina hii havina: kile kitelezi kidogo kitakoni mwa mpini kinachoizuia ncha isitoke. Kitumie. Kila ukikunja, telezesha, ndipo utie mfukoni. Ukitoa, telezesha kwanza ndipo ukunjue. Usilazimishe bapa kufunguka kitelezi kikiwa kimefungwa, maana utaharibu ncha na kulegeza skrubu yake. Na skrubu hiyo uiangalie kila wiki. Kitelezi kilicholegea hakizuii kitu.

Suruali za kike zina mifuko mifupi, wewe mwenyewe wajua. Kisu hicho kikikunjwa kina urefu wa sentimita 10, na mfuko usiokimeza chote utakitema ukikaa kwenye kiti cha gari au ukichuchumaa. Kwa suruali kama hizo tafuta ala ya ngozi au ya nailoni yenye kifuniko, uivae kwenye mkanda. Suruali ya kazi yenye mifuko mirefu ni bora zaidi. Usikibebe kwenye mfuko wa koti unaloning'iniza na kulitupa huku na huko, wala huru ndani ya mkoba.

Kukunjua. Simama vizuri, asiwepo mtu ndani ya urefu wa mkono wako. Shika mpini kwa vidole vitatu vya mwisho na kiganja, imara, kwa sababu bapa linapofika mwisho linapiga teke, na mkono wenye jasho au glavu pana unaweza kukiachia. Vidole visikandamize kile kipande cha mpini kinachopinda ndani kama loki. Ukikibana, bapa linakuwa gumu, nawe utaongeza nguvu isiyo na kipimo. Kidole cha shahada kivute kijino kuelekea nyuma, basi. Usirushe kifundo cha mkono, springi haikuhitaji. Kisha tazama kwa macho kwamba loki imeingia nyuma ya kitako cha bapa kabla hujagusa boksi. Kikikuponyoka, rudisha miguu nyuma ukiache kianguke. Usikidake kamwe.

Kukunja ndiko kunakoumiza wengi, kwa hiyo fanya polepole. Dole gumba lisukume loki pembeni. Kidole cha mkono wa pili kiwe mgongoni mwa bapa, kisukume kidogo tu. Kijino kitashuka na kugusa dole gumba lako kabla ya makali kufika: hapo simama. Toa dole gumba njiani, na sasa uendelee kusukuma mgongo wa bapa kwa kiganja. Utahisi springi inakupinga karibu safari yote, halafu ghafla inakubali na kulivuta bapa ndani. Usiachie katikati, maana litarudi kufunguka kwa nguvu yote. Na usikunje kwa kulibonyeza bapa kwenye paja. Nguo haizuii makali.

Ghalani, maboksi hayahitaji bapa zima. Ingiza sentimita moja tu ya ncha ndani ya mkanda wa gundi, ukivuta kutoka kwako, mkono wa kushikilia ukiwa nyuma ya makali na si mbele yake. Usichome boksi kwa ncha. Nguvu ya kuchoma inaweza kuusukuma mgongo wa bapa, na loki zimetengenezwa kushika kazi ya kukata, hazikutengenezwa kupigwa nyuma. Usikitumie kama tindo wala bisibisi. Ncha ya Leek ni nyembamba na itakatika. Mikanda ya plastiki iliyokaza kwenye mizigo inaruka ikikatwa, kwa hiyo simama kando, vaa miwani ya kazi, na uso wako usiwe juu yake. Ukimpa mwenzako kisu, mpe kimekunjwa.

Matunzo si mengi. Mara moja kwa wiki puliza hewa penye mhimili na ndani ya ufa wa mpini, utoe manyoya. Gundi ya maboksi ikiganda ubavuni mwa bapa, ifute kwa kitambaa chenye spiriti. Tone moja la mafuta mepesi, hata yale ya cherehani, linatosha kwenye mhimili. Usipake mahali loki inapogusana na bapa, kwa sababu loki yenye mafuta huteleza. Skrubu ya mhimili ikilegea, bapa litacheza kushoto na kulia. Ukiikaza kupita kiasi, springi itashindwa, bapa litasimama katikati ya njia bila loki, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa sababu macho yanadhani limefunguka. Kaza robo ya robo ya mzunguko, jaribu, kaza tena.

Na jaribio moja la kila mara: kitelezi kikiwa wazi, shika kisu kilichokunjwa juu ya meza, ule ufa ukitazama chini, ukitikise kidogo. Bapa likitokeza, au ukilisukuma usisikie lile pingamizi la mwanzo, springi imechoka au imekatika. Kisitiwe mfukoni tena hadi kitengenezwe.

Ukijikata, bana kwa kitambaa safi bila kufunua kwa dakika 10, mkono juu. Kidole kikifa ganzi au kikikataa kukunjika, huenda mshipa wa fahamu au kano imeguswa. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa sheria. Marekani ina sheria ya 1958 juu ya visu vinavyofyatuka kwa kitufe, na mwaka 2009 iliongezwa ibara ya kuvitoa humo visu ambavyo springi au kizuizi chake huvuta bapa libaki limekunjwa na ambavyo lazima mkono ulisukume bapa lenyewe. Yaani ule mwanzo wa safari ndio unaokiweka kisu chako upande wa halali. Texas kwenyewe, tangu Septemba 2017, marufuku ya kubeba kisu mahali maalumu yanavibana visu vyenye bapa linalozidi inchi 5.5, lako ni inchi 3. Lakini usijisahau. Majengo ya serikali kuu yana kipimo chake: kisu cha mfukoni chenye bapa pungufu ya inchi 2.5 ndicho hakihesabiwi silaha, na lako limezidi. Siku ya miadi ya uhamiaji au mahakamani, kiache nyumbani. Vivyo hivyo shuleni kwa watoto wa dada yako, na uwanja wa ndege kwenye mkoba wa mkononi. Ukivuka kwenda jimbo jingine au mji mwingine, soma sheria yake kwanza. Chicago, kwa mfano, inaishia inchi 2.5.

London mambo yamegeuka kabisa. Sheria yao ya mwaka 2019 imepanua maana ya kisu cha kufyatuka, ikakiingiza na kile ambacho bapa lake likishafunguka kiasi hujimalizia lenyewe hadi mwisho kwa springi. Wao hawaangalii mwanzo wa safari ya bapa, wanaangalia mwisho wake. Tangu Julai 2021 kuwa nacho tu ni kosa, hata ndani ya nyumba ya binamu yako, na kuingiza nchini nako ni kosa. Kukifunga kwenye begi la kukabidhi uwanjani hakutakuokoa, kwa sababu begi hilo utalichukua Heathrow na kutembea nalo.

Kiache Dallas, kwenye droo yenye ufunguo, kimefutwa, tone la mafuta kwenye mhimili na kitelezi kimefungwa. Kagua mifuko ya makoti yote kabla ya kufunga mizigo. Huku jikoni visu vipo.

Mama yako