Faini au Pingu: Uamuzi ni wa Nani?

SWALI: Nimesoma kwamba huko Marekani mama mmoja alifungwa pingu mbele ya watoto wake kwa sababu ya mkanda wa gari. Inawezekanaje mtu akamatwe kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosoma ni kweli. Mwezi Machi 1997, katika mji mdogo wa Lago Vista, Texas, Gail Atwater alisimamishwa akiwa garini na watoto wake, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 5, wote watatu wakiwa hawajafunga mikanda. Faini ya juu kabisa ya kosa hilo ilikuwa dola 50. Sheria ya Texas ilimruhusu askari ama amwandikie hati ya kosa (karatasi ya kumtaka aitikie shtaka bila kukamatwa) ama amkamate bila kibali cha mahakama, naye akachagua kumkamata. Kituoni mama huyo alivuliwa viatu, vito na miwani, akapigwa picha, akawekwa mahabusu kwa takriban saa moja, kisha akatoka kwa dhamana ya dola 310. Watoto walikuwa wamechukuliwa na jirani.

Alishtaki, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Katiba haikuvunjwa, maadamu askari alikuwa na sababu ya kutosha kuamini kwamba kosa, hata liwe dogo kiasi gani, limetendeka mbele yake. Jaji Sandra Day O'Connor alipinga, akitaka hati ya kosa iwe ndiyo kawaida na askari anayekamata aweze kueleza sababu mahususi. Mimi naungana naye kabisa.

Naungana naye kwa sababu tofauti haiishii kwenye pingu. Mahakama hiyohiyo ilikwisha kuamua mwaka 1998 kwamba askari anayeandika hati tu hapati kwa hati hiyo ruhusa ya kupekua gari zima, ilhali anayekamata kihalali huruhusiwa kumpekua aliyemkamata. Basi askari mwenye shauku ya kupekua anaweza kuvutwa kukamata, na dereva hana namna ya kujua nia hiyo.

Ulinzi uliobaki umo katika sheria za majimbo na kanuni za idara za polisi, ingawa nao una mpaka: mwaka 2008, katika kesi ya jimbo la Virginia, Mahakama hiyo ilishikilia kwamba hata pale sheria ya jimbo inapotaka hati itolewe, kumkamata dereva hakuvunji Katiba ya nchi. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba majimbo kadhaa humtaka dereva atie saini hati yake; saini hiyo ni ahadi ya kufika mahakamani, wala si kukiri kosa, na anayeikataa anaweza kukamatwa.