Uko Dodoma, una simu tu, unataka kujifunza anga: anzia hapa

Mkuu, umeuliza uanzie wapi mtandaoni. Unafundisha sekondari hapa Dodoma, una simu na bando la kubana, na wanafunzi hawaishi kukuuliza habari za sayari na roketi. Waliotangulia wamekupa viungo vingi vya video. Mimi pia niko hapa mjini na mambo haya nayafuatilia kwa miaka sasa, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kwa kirefu.

Video ziweke pembeni kwanza. Zinamaliza bando, na nyingi zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa anga la kwao. Watakwambia uanze kwa kutafuta Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, nyota hiyo huku haichomozi kabisa. Kwa hiyo kila tovuti au programu utakayofungua, angalia kwanza kama unaweza kuiambia uko wapi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza humpeleka Stellarium. Ni ramani ya anga, kwenye kompyuta ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Kama ni simu tu, fungua Stellarium Web kwenye kivinjari. Weka Dodoma, weka katikati ya Mei, kati ya saa 3 na saa 4 usiku. Tazama kusini: kundi la nyota liitwalo Msalaba wa Kusini limesimama. Geuka kaskazini: zile nyota saba za kundi la Dubu Mkubwa ziko juu ya upeo wa macho muda huohuo! Mtu wa London Msalaba hauoni maisha yake yote akiwa kwao, na wa Cape Town hapati Dubu Mkubwa mzima. Sisi tunapata vyote viwili bila kuhama tulipo, na Mei mvua zimeshakatika, mawingu yanakuwa machache mpaka karibu na Desemba. Hii ni bahati kubwa, na watoto wa Dodoma wanastahili kuambiwa.

Ukishaona kwenye simu, toka nje ukahakikishe. Mji umetanuka sana tangu serikali ihamie, taa zimeongezeka, lakini ukisogea upande wa Bahi au barabara ya Kondoa giza bado lipo. Usiende peke yako. Ukiazima darubini ya mkononi ya macho mawili, tafuta Omega Centauri, si mbali na Msalaba: inaonekana kama doa la ukungu, kumbe ni kundi la mamilioni ya nyota.

Kitu cha pili ni tovuti ya Heavens-Above. Hii inakupa jedwali la lini Kituo cha Anga cha Kimataifa kitapita juu yako. Kiko kama kilomita 400 juu na huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Kinaonekana baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, kwa sababu huku chini kumeshaingia giza ila kule juu jua bado linakimulika. Weka Dodoma na saa za Afrika Mashariki. Jedwali linatumia saa 24, kwa hiyo 19:12 ni saa 1 na dakika 12 usiku. Namba ya ung'avu ikiwa na alama ya kutoa, jua kitang'aa sana. Waite wanafunzi uwanjani mapema kidogo, kikipita hutahitaji kuwashawishi tena.

Kwa habari za roketi na sayari, nenda moja kwa moja kwenye chanzo. NASA, shirika la anga la Marekani, huweka wazi picha ghafi za roboti zake: za Curiosity, iliyotua Mirihi 2012, na za Perseverance, iliyotua Februari 2021. Picha ya siku ya elimu ya anga, APOD, ipo tangu 1995, ukurasa mmoja mwepesi wenye maelezo mafupi.

Ila kwa mwalimu, ningekusisitizia tovuti ya Zooniverse. Pale watu wa kawaida wanasaidia utafiti wa kweli, kwa mfano kupanga galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, kwa maumbo yake. Mwaka 2007 mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona kupitia mradi wa Galaxy Zoo wingu la gesi la ajabu ambalo hakuna aliyekuwa ameliripoti, na leo linaitwa kwa jina lake. Maelezo mengi ni ya Kiingereza, lakini kazi yenyewe ni ya macho.

Halafu waonyeshe darasani nyota WASP-71. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, yaani wataalamu wa nyota na sayari, uliidhinisha majina kutoka Tanzania: nyota inaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kwa macho matupu haionekani, ila ramani itakuonyesha ilipo, katika kundi la Nyangumi.

Je, shuleni kuna kompyuta yoyote? Hata ya zamani inafaa, Stellarium ina matoleo ya nyuma. Nitajie Windows iliyomo nikuelekeze la kupakua.