Kwa muuguzi anayeanza: mwenzako akikataa chanjo

Ukipangiwa wodi yako ya kwanza hapa Nairobi, utagundua kwamba si wagonjwa peke yao wanaokataa chanjo. Wengine wamevaa sare kama yako, wamechanja watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, na zamu yao ya kudungwa ikifika wanasema, "Tutaona."

Janga lingine likija, na litakuja, utapewa karatasi ya kujaza majina ya waliochanjwa wodini. Kabla hujaanza kumhubiria mtu, muulize anaogopa nini, kisha nyamaza umsikilize.

Chukua mfano wa Covid. Shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca, dozi milioni moja na ushei, ilitua uwanja wa ndege wa JKIA mapema Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo Dkt. Patrick Amoth, aliyekuwa kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, akadungwa pale Hospitali ya Kenyatta mbele ya kamera. Sisi wahudumu wa afya ndio tuliowekwa mbele kwenye foleni. Ungedhani tungekanyagana. Wapi!

Kumbukeni tulikotoka. Desemba 2020 wauguzi waligoma wakidai vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya kazi ya hatari, na mgomo ukaingia hadi mwaka mpya. Nilipomuuliza nesi mmoja mzoefu wa wodi ya kina mama kwa nini hajaenda kuchanjwa, alinijibu: "Tukiomba glavu tunaambiwa hakuna pesa. Leo sindano ni ya bure tena ya haraka. Mbona?" Swali hilo halihusu virusi hata kidogo. Ukimjibu kwa habari za kingamwili, umejibu mtihani wa mtu mwingine. Huyo anamuuliza mwajiri, na ni msimamizi wa wodi au mtu wa chama cha wauguzi anayefaa kukaa naye.

Haikupita hata wiki moja tangu uzinduzi, habari za damu kuganda zikatufikia. Denmark ilisimamisha AstraZeneca tarehe 11 Machi, Ujerumani, Ufaransa na Italia zikafuata. Kenya ikaendelea kuchanja. Kwenye chumba cha chai simu zilipita mkono kwa mkono. Hapa ndipo wanaotetea chanjo huharibu mambo, maana hukimbilia kusema ni uvumi mtupu. Haukuwa uvumi. Damu kuganda huku platileti (chembe zinazosaidia damu kuganda) zikishuka lilikuwa tatizo la kweli, ila nadra sana: watu wachache katika kila milioni. Muuguzi anajua kusoma, na ukimficha hilo hataamini neno lako lingine. Mtajie dalili kama unavyomtajia mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani: kichwa kuuma bila kuachia siku kadhaa baada ya sindano, pumzi kukatika, kifua au tumbo kuuma, mguu kuvimba. Akiona lolote kati ya hayo, arudi hospitali mara moja. Kisha mkumbushe kwamba Covid yenyewe hugandisha damu, na mara nyingi zaidi.

Wauguzi vijana wengi waliogopa kukosa mtoto. Usicheke. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki nchini walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikanusha, lakini anayekaa kliniki ndiye aliyebaki na maswali ya kina mama. Kwa mwenzako Mkatoliki, litakusaidia kujua kwamba mwaka 2021 maaskofu walisema chanjo ya Covid inakubalika kimaadili, ingawa chama cha madaktari Wakatoliki kilikuwa kimeipinga. Mazungumzo ya namna hii yafanywe watu wawili pembeni. Ukimuuliza mtu kuhusu uzazi wake mbele ya wodi nzima, umempoteza.

Halafu kuna wanaohesabiwa kuwa wamekataa kumbe wamechoka tu. Aliyetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi hatasubiri meza ya chanjo ifunguliwe saa tatu, ikiwa nyumbani ni Kayole na mtoto anamngoja. Mwingine anahofia homa ya kesho yake kwa sababu hakuna wa kumshikia zamu. Kichupa cha AstraZeneca kilikuwa na dozi kumi, na kikishafunguliwa kilitakiwa kiishe ndani ya saa sita, kwa hiyo mchanjaji hafungui kwa ajili ya mtu mmoja. Mwombe aje wodini wakati wa kukabidhiana zamu, panga watu waliokaribia siku zao za mapumziko, na msichanjwe wodi nzima siku moja.

Mwisho, jiandae kwa mama atakayekutazama usoni akuulize, "Na wewe sista, umechanjwa?" Mjibu ukweli. Kama bado, usidanganye wala usimtolee hotuba. Mwite mwenzako aliyechanjwa aongee naye, kisha wewe mwenyewe uende kwa daktari unayemwamini na maswali yako yakiwa yameandikwa kwenye karatasi.