Kila ulinzi una tundu lake: kwa wewe unayeanza Madden

Wiki zangu za kwanza za Madden, gemu ya futiboli ya Kimarekani, nilikuwa na mpango mmoja tu wa ulinzi: tuma watu sita au saba wakamvamie kwotabeki, yule anayerusha mpira, basi. Ilikuwa raha. Mara mbili tatu kila mechi nilimwangusha mpinzani kabla hajainua mkono, nikaruka kwenye kochi kama straika aliyefunga dakika ya 90. Halafu matokeo: 42–17, 35–10, 48–21, na namba ndogo zote ni zangu.

Binamu yangu, aliyesoma sekondari Ohio na mchezo huu akaukuta shuleni, aliniangalia jioni nzima bila kusema kitu. Mwisho akauliza:

"Ukituma saba, nyuma wanabaki wangapi?"

"Wanne."

"Na wapinzani wanaoruhusiwa kupokea pasi ni wangapi?"

Sikujua. Ni watano. Nilikuwa nimecheza mechi zaidi ya thelathini bila kujua kwamba ni watano.

Anzia hapo kabla hujagusa pedi. Kila upande una watu 11. John Madden mwenyewe, kocha aliyewapa Oakland Raiders ubingwa wa Super Bowl Januari 1977, alikataa jina lake litumike kwenye gemu yenye wachezaji pungufu ya hapo, na toleo la kwanza likasubiri mpaka 1988. Katika hao 11 wa mashambulizi, mmoja ni kwotabeki, watano ni yale mapande ya watu yanayosimama mbele yake kumlinda, na watano waliobaki ndio wanaoweza kurushiwa mpira. Ukimvamia kwa wanne wako wa mbele tu, unabaki na saba wa kukaba watano. Una wawili wa ziada. Mbinu nyingi za ulinzi unazoziona kwenye skrini, na majina yao ya kutisha, zinajibu swali hilo moja: hao wawili wakae wapi?

Majina yenyewe hayana uchawi. Kava ni "cover", yaani kufunika, na namba yake inakuambia wangapi wanalinda nyuma kabisa. Kava 0 hakuna mtu nyuma, kila beki na mtu wake, wengine wote wanavamia. Kava 1 ni mtu kwa mtu, na sefti (beki wa nyuma kabisa) mmoja amebaki nyuma kama kipa. Kava 2 masefti wawili wanagawana uwanja nusu kwa nusu. Kava 3 watatu, Kava 4 wanne. Na usichanganye na namba za mfumo: 4-3 ni wanne mbele na malainbeka (walinzi wa safu ya kati) watatu nyuma yao. Wale wanne wa mwisho hawatajwi, kama sisi tusivyomtaja kipa tukisema 4-4-2.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza. Hakuna ulinzi unaofunika uwanja wote. Uwanja una upana wa yadi 53 na kidogo, watu wako ni 11, haiwezekani. Kwa hiyo ukichagua mpango, umechagua pia mahali pa kuumia. Kava 2 huumia katikati kule nyuma, kwenye ufa kati ya masefti wawili, na pembeni nyuma ya konabeki (beki wa pembeni) kabla sefti hajafika. Kava 3 huumia karibu na mistari ya pembeni kwa pasi fupi, na kwenye njia mbili zilizo kulia na kushoto kwa sefti wa kati. Kava 4 utapigwa pasi fupi mpaka uchoke. Mtu kwa mtu huumia pale wapokeaji wawili wanapopishana karibu karibu na beki wako akagonga mwenzake. Mchezaji mzuri anajua tundu la mpango aliouchagua, na kabla mpira haujatoka amesimama pale yeye mwenyewe, kupitia yule mchezaji mmoja anayemwendesha kwa pedi.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja. Jaribio la tatu kati ya manne, mpinzani amebakiza yadi 8 ili apewe majaribio mapya. Ameweka wapokeaji wanne, wawili kila upande. Mimi niko Kava 3, ninaipenda kwa sababu ndiyo waliyokuwa wakiicheza sana Seattle Seahawks walipowachapa Denver 43–8 kwenye Super Bowl ya Februari 2014. Mpira ukatoka. Wapokeaji wote wanne wakakata mbio moja kwa moja mbele. Wangu wa nyuma watatu, wao wanne. Sefti wangu wa kati akasita: akienda kulia, wa kushoto yuko huru. Akaenda kulia. Tachidauni (bao) ya yadi 60, na mimi nilikuwa naendesha nani? Mmoja wa wale wa mbele, nikisukumana na jitu la kilo 140. (Seahawks walikuwa na Earl Thomas pale katikati. Wewe huna, na hata ukiwa naye kwenye timu, atakayemwongoza ni kompyuta.)

Dawa ilikuwa rahisi. Kwa mpango uleule wa Kava 3, nichukue lainbeka wa kati, na nikiona wale wawili wa ndani wameanza kukata mbele bila kugeuka, nirudi na mmoja wao. Sefti anabaki na mwingine. Watatu wamekuwa wanne. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilinasa mpira bila hata kubonyeza kwa wakati. Ulinijia tu kifuani.

Lakini usianze na lainbeka. Najua utataka, na vibaya zaidi utataka kumchukua sefti, ili uruke na kunasa mipira. Utamtoa mahali pake kwa pupa, na nyuma yake hakuna mtu. Mwezi wa kwanza endesha mmoja wa wale wa mbele, wa pembeni. Ukikosea hapo unapoteza yadi tano, wenzako saba wanaendelea na kazi yao, na wewe unapata nafasi ya kutazama jinsi kompyuta inavyokaba. Ukishaweza kutabiri sefti wako atakwenda wapi, ndipo urudi kwa lainbeka.

Kuhusu kuchagua mpango, angalia vitu viwili kabla ya kitu kingine chochote: yadi zilizobaki, na nani ameingia uwanjani. Skrini inakuonyesha mpinzani ameingiza wapokeaji wangapi, mataitendi (wapokeaji wakubwa wanaosaidia pia kuzuia) wangapi, wakimbiaji wangapi, na wengi wanaipita ile sehemu kama matangazo. Akiingiza wapokeaji watatu, ondoa lainbeka mmoja uweke beki wa tano. Mfumo huo unaitwa Nikeli. Akiingiza wanne, ongeza wa sita, ndiyo Daimu. Ukibaki na 4-3 dhidi ya wapokeaji watatu, lainbeka mzito atajikuta anamfukuza kijana mwenye mbio kama basi la mkoani likifukuza bodaboda. Kinyume chake pia: akileta mataitendi wawili na wewe uko Daimu, atakukanyaga kwa mbio za katikati, yadi sita, yadi saba, mpaka dakika ziishe.

Yadi nazo zina lugha yake. Jaribio la pili na yadi 2, mpinzani anaweza kufanya lolote, kwa hiyo cheza salama, usikubali kurushiwa mpira mrefu. Jaribio la tatu na yadi 12, mpe zile pasi za yadi tano bila kinyongo. Mabeki wako warudi nyuma ya alama anayoitafuta, wamwangushe akishadaka. Hapo ndipo wageni wengi wanapofanya blitzi (kutuma watu wa ziada kumvamia kwotabeki), wakati ndipo isipohitajika: mtu ana yadi 12 za kutafuta, muache ahangaike. Mimi blitzi yangu naiweka jaribio la kwanza au la pili, mara moja moja, pale ambapo hajajiandaa. Isipokuwa ndani ya yadi 10 za mwisho. Pale uwanja umeshakuwa mfupi, hakuna kule nyuma pa kukimbilia, hivyo masefti wanaweza kusogea mbele na hata Kava 0 si wazimu.

Mtandaoni kuna jambo jingine, na hapa nilichelewa sana kujifunza. Mpinzani ni binadamu, na binadamu ana mazoea. Wengi wana mipango mitatu ya kushambulia wanayoiamini; roho ikiwa juu, wataurudia mmojawapo. Mimi huweka karatasi kando ya pedi. Robo ya kwanza naandika tu: jaribio la tatu na yadi nyingi, alirusha wapi? Karibu na goli, alimtafuta nani? Kufika robo ya tatu karatasi ina mistari sita au saba, na mara nyingi mitano inafanana.

Yeye pia anakusoma, usisahau. Atamsogeza mpokeaji mmoja kutoka kushoto kwenda kulia kabla ya mpira kutoka. Beki wako akimfuata upande wa pili, ameshajua uko mtu kwa mtu. Wakibaki mahali pao, anajua unakaba zoni, yaani eneo badala ya mtu. Huwezi kuficha hilo kila mara, lakini unaweza kuanza na masefti wawili nyuma na mpira ukitoka mmoja ashuke, ukawa Kava 3 iliyovaa nguo za Kava 2. Vifungo vya kufanya hayo hubadilikabadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo vitafute kwenye menyu ya gemu yako.

Mapendekezo ya kocha wa kompyuta? Yatumie wiki ya kwanza, si zaidi. Hayajui karatasi yako.

Na chagua mipango mitatu tu. Mimi nilikaa miezi na Kava 3, Kava 4, na blitzi moja ya watu watano. Kila jioni, kabla ya kuingia mtandaoni, nilifungua sehemu ya mazoezi, nikashika mashambulizi, nikaishambulia mipango yangu mwenyewe. Dakika kumi na tano. Kushambulia Kava 4 yako kwa pasi fupi mara ishirini mfululizo kunakufundisha inaumia wapi kuliko maelezo yangu yote haya.

Binamu bado ananifunga. Siku hizi ni 24–20, 27–23, na karibu kila mara ni taitendi yuleyule, akipita katikati ya Kava 2 yangu huku lainbeka wangu amevutwa na mkimbiaji aliyejifanya anapewa mpira. Namjua anakuja, namwona kabisa, na kidole bado kinakwenda kwa mkimbiaji.