Kwa mnaoanza kutengeneza plastiki ya mafuta ya mbegu hapa Bukavu

Wadogo zangu, wengi mnaingia kazi hii kwa sababu ya takataka zile zinazoelea Ziwa Kivu, zikashuka hadi bwawa la Ruzizi na kukwamisha mitambo ya umeme. Sababu hiyo inatosha kabisa. Ila mjue mapema: plastiki iliyotoka kwenye mmea si lazima ioze. Nailoni 11 hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika (wengine huita nyonyo), na inadumu miaka mingi kwenye mirija ya mafuta ya magari. Kinachoamua ni vifungo vya kikemia vilivyomo ndani, yaani vile vinavyoshikanisha sehemu zake. Vifungo vya aina ya esta, vijidudu vya udongoni vina vimeng'enya vya kuvikata. Vya nailoni ile vinawashinda.

Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Kila mgeni hukimbilia mawese kwa kuwa yamejaa sokoni Kadutu. Kwa kazi hii tunatafuta mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa vifungo viwili, kwa maana hapo ndipo oksijeni inapoingia, na kipimo chake ni namba ya iodini. Mawese yana kama 50, soya kama 130. Anza na soya. Mbarika ni nzuri pia, lakini mbegu zake zina sumu ya risini: mashudu usimpe mbuzi wala kuku, na watoto wasizichezee.

Sasa nikae kwenye kazi ya kutia oksijeni, maana hapa mtu anaweza kuumia. Unakoroga mafuta na asidi fomiki, kisha unadondosha peroksidi ya hidrojeni tone kwa tone. Mchanganyiko hujipasha moto wenyewe. Siku moja umeme ulikatika nikiwa katikati. Mashine ya kukoroga ikasimama, nami nikaendelea kudondosha, nikidhani nisipoteze muda. Peroksidi ni nzito kuliko mafuta, kwa hiyo ikatulia chini kimya kimya. Umeme uliporudi mashine ikakoroga vyote kwa mpigo. Kipimajoto kilipanda mbele ya macho yangu kutoka nyuzi 55 hadi kupita 80, povu likamwagika mezani, harufu kali ikajaa chumba, tukatoka mbio. Tangu siku ile: mashine ikisimama, tone linasimama. Beseni la maji baridi liwe tayari kabla hujaanza, miwani machoni, na chombo usikifunge kamwe, maana gesi inayotoka itakipasua.

Mafuta yakishakuwa tayari, asidi sitriki inaweza kuyagandisha yawe utando, na vifungo vinavyopatikana ni vya esta. Joto lipime, usikadirie kwa maji yanayochemka: sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Halafu utazika kipande udongoni uone kama kinaoza. Hapa ndipo nilipojidanganya muda mrefu. Nilikuwa nazika kipande peke yake. Baada ya wiki nane nakichimbua kiko vilevile, nasema utando umeshindwa. Kumbe udongo ule ulikuwa mkavu, hauna uhai. Siku hizi nazika na karatasi kando yake. Karatasi ikibaki nzima, kosa ni la udongo. Kabla ya kupima uzito, kioshe kipande taratibu na ukikaushe hadi mizani isibadilike tena, kwani tope kidogo tu linaharibu hesabu yote.

Na kipande kingine cha utando uleule kiloweke kwenye maji safi kwa muda uleule. Ukiwa umechanganya gliserini ili kulainisha utando, maji huitoa, uzito unapungua, nawe unafurahi kuwa kitu kimeoza wakati hakuna kijidudu hata kimoja kilichokigusa. Uzito uliopotea kwenye maji uutoe kwenye ule wa udongoni, kinachobaki ndicho uandike daftarini.