Machi si msimu wa kuchuma kahawa Materuni

Ukiuliza kama ukienda ziara ya kahawa Materuni, kijiji cha karibu na Moshi, mwezi Machi utakuta watu wakichuma: hapana, hutawakuta. Kahawa ya aina ya arabika ya mitelemko ya Kilimanjaro, Materuni ikiwemo, huiva kuanzia Julai hivi hadi Desemba. Tena haiivi yote kwa mpigo: tawi moja lina tunda jekundu, la manjano na la kijani, ndiyo maana huchumwa kwa mkono, jekundu tu, na mti uleule hurudiwa mara kadhaa. Nimekulia Uru, hukohuko iliko Materuni, kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) chenye kahawa, na Machi tulikuwa na matunda ya kijani tu, magumu, chini ya migomba.

Ila ziara bado ina maana, usiiahirishe kwa hilo. Kahawa iliyokaushwa huhifadhiwa na ganda lake, kwa hiyo mwezi wowote utatwanga kwenye kinu, utapepeta, utakaanga kwenye moto wa kuni mpaka usikie punje zinapasuka, kisha utatwanga tena na kunywa palepale. Kama unataka hasa kuchuma na kuona ikimenywa kwa mashine ya mkono, nenda Septemba au Oktoba. Machi masika yanaanza, na njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Materuni huwa tope tupu, vaa buti.